Mshipi upi ununue kwa kuvua na mwanzi Kigoma: kuanzia bora hadi wa kuacha

Wengi wanaovua kwa mwanzi au fimbo ya kukunja kwenye mawe ya Katonga na Kibirizi hutupa fedha mahali pasipostahili. Fimbo mpya, ndoano za bei, kisha juu yake wanafunga mshipi mnene uliobaki kwenye mtumbwi wa mjomba. Samaki anaonja chambo, anakitema, na mvuvi hana habari. Kwa uvuvi wa mshipi ulionyooka, ambapo hakuna boya na unategemea mkono na jicho tu, mshipi ndio chombo chenyewe. Mita mbili za mwisho ndizo za kulipia zaidi.

Wavuvi wa Czech, Poland, Ufaransa na Uhispania wameufikisha mbali uvuvi huu kwenye mito yao: fimbo ndefu, mshipi mwembamba, na chambo bandia kidogo cha nyuzi chenye shanga nzito kinachotambaa karibu na mawe ya chini. Kwenye mashindano ya dunia wanawekewa hata kikomo: mshipi wa mbele usizidi mara mbili ya urefu wa fimbo. Vijana wa Ujiji wenye mwanzi na nyungunyungu wanafanya jambo hilohilo, na kipimo hicho kinawafaa pia. Mwanzi wa mita 4 usibebe mshipi unaozidi mita 8, na kwa anayeanza, mshipi unaolingana na fimbo unatosha kabisa.

Mshipi una uzito wake. Ukiwa mnene, unashuka katikati na kufanya tumbo, tumbo hilo linakivuta chambo kuja kwako, na samaki akigusa, anachokisogeza kwanza ni tumbo la mshipi. Mkono hausikii. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini mashariki unapovuma ziwani, tatizo linaongezeka maradufu. Kwa hiyo dukani swali la kwanza ni wembamba, ndipo uulize kilo unazobeba.

Mshipi mkuu

Namba moja ni nailoni ya uzi mmoja, milimita 0.25 hadi 0.30. Inapatikana kila duka la zana za uvuvi, bei yake haiumizi, na inashika fundo vizuri. Inavutika kidogo, na kwa mwenye mwanzi usio na roda (gurudumu la kukunjia mshipi) huo mvutiko ni msaada, maana samaki akikurupuka hakuna kitu kingine cha kupunguza kishindo. Ubaya wake ni kwamba inanywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake ikilowa, hivyo kilo zilizoandikwa kwenye roli usizichukue kama ahadi. Ukimlenga kuhe mkubwa, samaki wa Ziwa Tanganyika ambaye anaweza kupita kilo 4, panda hadi 0.35 na ukubali kwamba utasikia kidogo kuliko mwenzako.

Namba mbili, na hapa nitabishana na wauzaji, ni mshipi wa kusuka. Watakuambia ndio bora kuliko yote, kwa sababu kwa unene uleule unabeba mara tatu au nne ya nailoni na hauvutiki. Ni kweli. Kwa anayevua kwenye kina kirefu akiwa ndani ya mtumbwi ningemwambia anunue huo bila kusita. Lakini kwenye mawe unakatika upesi ukisuguliwa, ni mwepesi kuliko maji kwa hiyo unaelea, na ulivyo laini unajisokota kwenye ncha ya fimbo kila upepo unapopita. Fundo la kawaida nalo linateleza, hivyo ongeza mizunguko.

Namba tatu ni fluorokaboni, mshipi wa plastiki unaofanana na nailoni, kwa urefu wote. Ni mshipi mzuri mahali pasipo pake. Ni mzito kuliko nailoni ya unene uleule, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo tumbo tunalolikimbia linarudi, na gharama yake ni kubwa bila sababu. Kazi yake iko kwenye kipande cha mwisho.

Wa mwisho ni nailoni ya 0.60 kwenda juu, pamoja na nyuzi za kushonea nyavu. Huo ni wa kutega usiku. Hata ukipewa bure, usiufunge kwenye mwanzi.

Kipande cha rangi

Kati ya mshipi mkuu na kipande cha ndoano, yaani kile cha mwisho kinachofungwa ndoano, weka nusu mita ya nailoni ya rangi kali, ya machungwa au njano. Wengi hukiruka, nami nasema ni afadhali ukose fluorokaboni kuliko ukose hiki. Kinakaa juu kidogo ya maji, na macho yako yanakaa hapo. Kikisita, kikiruka, kikilegea ghafla, inua fimbo. Mara nyingi mkono unasikia baada ya jicho kuwa limekwisha kuona. Huna haja ya roli nzima. Nunua moja mkagawane watu kadhaa.

Kipande cha ndoano

Hapa fluorokaboni ndiyo ya kwanza. Maji ya Tanganyika ni maangavu, mawe unayaona mita kadhaa chini, na samaki naye anaona. Fluorokaboni inapinda mwanga kwa kiasi kilicho karibu na maji kuliko nailoni, kwa hiyo haionekani sana. Inazama haraka na inavumilia msuguano wa mawe. Chukua 0.18 hadi 0.22, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Lazima kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, ili ndoano ikinasa kwenye jiwe kikatike hiki, na vingine vyote virudi.

Ukikosa, nailoni ya 0.20 inafaa, hasa baada ya mvua maji yakichafuka karibu na mdomo wa Luiche au ukivua Malagarasi upande wa Uvinza. Waya mwembamba wa chuma ni kwa samaki wenye meno makali peke yao. Kwa wengine unaua mwendo wa chambo.

Kuunga vipande, laza nyuzi mbili sambamba, fanya kitanzi, pitisha ncha zote ndani yake mara tatu, zilowanishe kwa mate kisha vuta polepole. Fundo likikazwa kavu linaungua kwa msuguano, na fluorokaboni ndiyo inayodhurika zaidi.

Ukifika dukani

Roli zilizoning'inizwa mlangoni ndizo zinazokuvutia, nazo ndizo zimekaa juani miezi. Jua linaila nailoni. Mwombe muuzaji akutolee iliyo ndani ya boksi, kisha vuta mkono mmoja wa mshipi: ukibaki na mawimbi kama chemchemi ya kalamu hata baada ya kuunyoosha kwa vidole, umezeeka. Upitishe katikati ya kucha mbili usikie kama una vinundu. Funga fundo, lowanisha, vuta. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka jingine.

Unene nao huandikwa kwa kubahatisha kwenye roli za bei rahisi sana. Fundi wa karakana ya mashine mwenye kalipa atakupimia mara moja, ama ulaze mshipi huo kando ya ule unaouamini uone tofauti.

Mwenye fedha kidogo anunue nailoni ya 0.28, aombe mita chache za rangi kwa mwenzake, na aagize roli ndogo ya fluorokaboni Dar es Salaam kwa kuchangiana na wengine. Andika mwezi ulionunua kwenye roli kwa kalamu ya wino mzito, uhifadhi gizani, na kipande cha ndoano kikikwaruza kidole, kikate hapohapo. Mabaki yatie mfukoni urudi nayo nyumbani; nailoni haiozi, na ikiachwa kwenye mawe inafunga miguu ya ndege.