Uzoefu wangu: Mafundi watatu wa Nakuru, Impreza moja na nyuzi nne msumarini

Kelele ilianza langoni kwangu, Section 58, jioni ya siku ya kazi. Nilikuwa nimetoka Njoro ninakofundisha. Nikakata usukani mpaka mwisho ili niingie uani, na gari likasita. Halikuzima. Lilisita tu, kama punda aliyefika darajani. Kisha chini yangu, katikati kabisa, pakasikika ngu… ngu… ngu, na usukani ukatetemeka kidogo mkononi. Nilipounyoosha, kimya. Kesho yake asubuhi nikatoka kwa kona ileile na sikusikia kitu.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya 2004, injini ya lita mbili yenye tabo, gia tano za mkono, na inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Nililinunua kwa mtu mwaka 2019. Wanafunzi huniuliza mwalimu wa hesabu anatafuta nini kwenye gari la vijana. Sijui niwajibu vipi. Mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza ya buluu, nilikuwa mtoto wa shule, na maradhi niliyoyapata wakati ule hayajanitoka.

Fundi wa kwanza ni jirani, na nilimwendea kwa sababu hiyo tu. Nilipomwambia kelele hutokea nikikata kona, hakungoja sentensi iishe. “Hiyo ni CV, bosi,” yaani kile kiungo cha shafti kinacholizungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Hakuendesha gari, hakulala chini kuangalia. Tukabadilisha CV za nje pande zote mbili: shilingi 9,000 za spea na 2,500 za kazi. Jioni ileile, langoni, ngu… ngu… ngu.

Nilipaswa kumzuia. CV iliyokwisha hulia tak-tak-tak, kavu, na hufuata mwendo wa gurudumu: ukiongeza mwendo, nayo inaongeza. Haichagui asubuhi wala jioni. Tena raba zinazofunika CV zangu zilikuwa nzima, hakuna grisi iliyoruka popote. Lakini mtu akisema jambo kwa uhakika namna ile, huku ameshashika spana, unajikuta umeitikia.

Gereji ya pili ni kubwa. Sakafu ya saruji, wahudumu wa ovaroli safi, chai ya maziwa ukingoja. Walichomeka kompyuta, wakanitoza 3,000, na kompyuta ikasema gari halina kosa lolote. Baadaye ndipo nilielewa kwa nini: kilichokuwa kinaumwa hakina waya hata mmoja. Ni chuma na mafuta tu, na kompyuta haiwezi kusimulia habari za kitu ambacho haijaunganishwa nacho. Fundi wao alilizungusha gari mtaa mmoja, injini ikiwa baridi, na halikulia. Nikamweleza kwamba linalia likishatembea. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye foleni ndefu nje. Baada ya saa moja nikaletewa karatasi iliyochapwa vizuri: gia boksi nzima kutoka Japani 95,000, kazi 12,000.

Niwatendee haki: hawakunigusia spea hata moja bila ruhusa, na gari walinirudishia likiwa limeoshwa. Lakini nilipouliza ni nini hasa kimeharibika ndani ya hiyo gia boksi, jibu lilikuwa, “Ni ya ndani.” Kwa 107,000 nilitaka neno moja zaidi.

Wa tatu nilipelekwa na mwenzangu wa kemia. Ni mzee wa miaka sitini hivi, yuko kwenye vibanda vya jua kali, na nje ya kibanda chake kuna Subaru tatu zilizokatwa kama mbuzi wa sherehe. Alinipa kiti, akafuta mikono, akaanza kuuliza.

“Mwalimu, kelele inakuja ukiwa umeendesha muda gani?”

“Nusu saa, mzee. Nikitoka Njoro.”

“Ukikata kona kwenye vumbi inalia?”

Hapo nilinyamaza. Sikuwa nimewahi kufikiria. Nikakumbuka uwanja wa shule, ambao ni vumbi tupu, na kwamba nageuza gari pale kila siku bila kusikia chochote.

“Haya. Na tairi umebadilisha lini?”

Nikacheka, maana sikuona tairi zinaingiaje. Mwezi uliopita shimo la barabara ya Elburgon lilinipasulia tairi ya mbele ubavuni. Muuzaji aliniambia moja inatosha, saizi ni ileile, 215/45 R17, na mimi nikafurahi kuokoa pesa. Mzee hakucheka. Alisema, “Twende tulipashe moto.”

Tukapanda njia ya kwenda Menengai, tukashuka, tukazunguka hadi nusu saa ikatimia. Kwenye lami tambarare akaniambia nikate usukani mpaka mwisho, gia ya kwanza, polepole, halafu nikanyage klachi. Nikakanyaga. Gari linalotakiwa kuserereka lenyewe lilisimama pale pale, kana kwamba kuna mtu kashika hendibreki. Tukaenda kando kwenye vumbi, tukafanya vilevile, likaserereka kama kawaida.

Tuliporudi kibandani aliinua gurudumu moja la mbele kwa jeki yangu (yake ilikuwa imeazimwa), akaweka gia huru, akaniambia nilizungushe kwa mkono. Halikwenda. Nikatumia mikono miwili, likajongea kidogo sana, zito kama mwiko kwenye ugali ulioiva. Akaniambia tungoje lipoe. Saa mbili baadaye gurudumu lilelile lilizunguka kwa mkono mmoja.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya hesabu, sikulifikiria kwa wiki tano. Alichukua uzi wa mwashi, akauzungusha kwenye tairi ya kwanza katikati ya kashata, yaani yale meno yanayoshika barabara, akaukata ulipokutana. Akafanya hivyo kwa zote nne, akafunga fundo dogo kwa kila moja na kuzitundika nyuzi kwenye msumari wa mlango. Tatu zilishuka zikaishia karibu mahali pamoja. Ya nne, ya ile tairi mpya, ilizipita kwa upana wa kidole gumba na ushei kidogo. Nikazipima kwa rula ya darasani: milimita 1,963 kwa mpya, na zile za zamani 1,936 hivi.

Milimita 27. Subaru wenyewe wanataka tairi zote nne zisipishane mzingo kwa zaidi ya robo ya inchi, yaani milimita sita na kitu. Saizi iliyoandikwa ubavuni haisemi kashata imebaki kiasi gani. Tairi mpya huwa na kina cha milimita nane hivi, zangu zilikuwa zimebaki na nne kasoro.

Sasa ule ugonjwa wenyewe. Difu ni gia zinazogawa nguvu na kuruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti. Katika gari hili kuna difu ya mbele, difu ya nyuma, na ya katikati iliyo kwenye mkia wa gia boksi. Ya katikati ndiyo huruhusu ekseli mbili zizunguke kwa mwendo tofauti, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ndani yake kuna chombo kilichozibwa, mafundi wanakiita viskasi: sahani nyingi nyembamba zimepangwa kwenye mafuta mazito ya silikoni. Ekseli moja ikianza kuteleza na kuzunguka ovyo, yale mafuta hukorogwa, hupata joto, na kuzikamatisha sahani ili nguvu iende upande usioteleza. Ni kitu kizuri sana kwenye matope ya Mau Narok.

Lakini tairi iliyo kubwa huzunguka mara chache kuliko ndogo. Nilipiga hesabu usiku ule: karibu mizunguko saba pungufu kwa kila kilomita. Difu ya mbele huigawa tofauti hiyo kwa mbili, kwa hiyo ekseli ya mbele ilikuwa inapishana na ya nyuma kwa mizunguko mitatu na nusu kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kutoka Njoro hadi mjini ni zaidi ya mizunguko sitini, kila siku, bila kupumzika. Viskasi ilikuwa inaamini nimo matopeni. Nikifika langoni imeshapata moto, imekamata, na kwenye kona ekseli mbili zinavutana mpaka tairi ziruke kwenye lami. Ndiyo ile ngu… ngu. Kwenye vumbi tairi huteleza kidogo na mvutano unaachia, ndiyo maana shuleni kulikuwa kimya.

Mzee hakuharakisha kufungua chochote. Alisema ninunue tairi tatu zifanane na ile mpya, niendeshe wiki moja, kwani huenda viskasi haijaungua. Tairi zikanigharimu 33,000. Siku mbili sikusikia kitu. Siku ya tatu nilikwenda Mau Summit na kurudi, na langoni kelele ikanipokea, ndogo zaidi, lakini ni yeye.

Hapo ndipo alipofungua, na hapa ndipo nilipokumbuka ile karatasi ya 107,000. Gia boksi haikushuka. Alitoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, akafungua mkia wa nyuma peke yake, difu ya katikati ikatoka mkononi mwake kama kisahani cha chai. Ubavu wa viskasi ulikuwa umegeuka rangi, samawati inayoelekea zambarau, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nyingine iliyotumika, kutoka kwenye mojawapo ya zile Subaru za nje, 20,000. Kazi 7,000. Mafuta mapya ya 75W-90, lita tatu na nusu, 4,200. Na siku ile ya kwanza alikuwa amenitoza 1,000, ambayo aliiita “ya masikio”. Ndiyo pesa niliyolipa kwa moyo mkunjufu kuliko zote.

Sasa ni mwezi wa nne tangu atengeneze. Nimekata kona langoni nikitoka Njoro, Kisumu na Naivasha, gari likiwa na moto wa kila aina, kimya.

Kasoro zake zipo. Alisema Alhamisi, akamaliza Jumamosi. Risiti hakuna, ni ujumbe wa M-Pesa tu. Kiti cha dereva kilipata alama ya mafuta yenye umbo la kiganja, na mke wangu ameitambua kuwa si yangu. Kama unataka kusubiri ukitazama televisheni, kule kwenye sakafu ya saruji ni kuzuri zaidi. Kama una gari linalovuta kwa magurudumu manne na lina sauti usiyoielewa, mpelekee yeye, ila kwanza andika: inalia likiwa baridi au moto, lami au vumbi, unapovuta au unapoachia mafuta, na nini kilibadilishwa mara ya mwisho hata kama unaona hakihusiani. Atakuuliza yote hayo.

Kulibaki mlio mwingine mwembamba, wa bati, injini ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika. Nilimtajia nikiwa nimeshakaa kwenye usukani. Akainama, akagonga kibati kinachokinga joto la eksozi kwa kucha, akakibana kwa klipu ya mpira wa maji. Hiyo hakunitoza. Jeki yangu, hata hivyo, hajairudisha.