Gari ya kuzunguka nayo Tanzania na kulala njiani: ipi ununue, kuanzia namba 1 mpaka 6

Kama unatafuta gari ya kutoka nayo Dar, unapita Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda mpaka unatokea Kigoma, na njia nzima unalala kambini badala ya kuhangaika na gesti, basi swali la kwanza usiulize kitanda kitakaa wapi. Uliza hivi: ikinifia Mpanda saa kumi na moja jioni, nani ataitengeneza na spea atatoa wapi? Mimi nimepanga hii list kwa kuangalia hilo kwanza kabisa, alafu ndio usingizi, alafu mafuta na ushuru. Uzuri wa gari kwenye picha sijauhesabu.

Namba 1: Toyota Hiace uliyoitengeneza kitanda mwenyewe

Naongelea hizi hizi za daladala, toleo lililoanza 2004. Najua kuna watu wataona ni gari ya abiria haina hadhi lakini hiyo kazi ya abiria ndio inaifanya iwe namba moja, maana kila mji wenye stendi una fundi anayeijua kwa kufumba macho, bushi, breki, fani belt, shokapu, vyote utapata dukani hata miji midogo, na ukikosa duka utampata dereva mwenzako ana spea kuukuu nyumbani anakuuzia.

Injini ndio pa kuwa makini. Kuna petroli ya 2TR, lita 2.7, na kuna dizeli ya 1KD, lita 3.0. Dizeli inakula kidogo na ina nguvu mlimani, Kitonga utaisikia tofauti yake, ila nozo zake hazipendi mafuta machafu hata kidogo na ukishaingia huko mikoani vijijini unaanza kuwekewa mafuta ya kwenye madumu. Zikifa nozo nne kwa pamoja ni hela ya maana. Kwa mtu anayekwenda mbali magharibi mimi nasema chukua petroli, utalia kwenye pampu kidogo kidogo lakini hutolia mara moja kwa kishindo.

Kitanda sasa. Upana wa ndani kwa hizi bodi nyembamba ni kama mita 1 na nusu, kwa hiyo watu wawili wanalala vizuri kwa urefu, ila kabla ya kwenda kwa fundi seremala chukua futi kamba upime mwenyewe pale kwenye matao ya tairi za nyuma, maana hapo ndipo panapobana na mafundi wengi wanapima juu tu wakija kuweka mbao haziingii. Mwambie akate plaiwudi ya milimita 18 vipande vitatu viungwe kwa bawaba, sio kipande kimoja, ili mchana unakunja unapata sehemu ya kukaa na siku ukitaka kubeba mzigo unatoa kitanda chote kwa dakika chache. Miguu ya kitanda iwe ya kuchomelea, square pipe, iwe juu kiasi cha makreti ya soda kuingia chini yake kwa sababu makreti ndio kabati bora kuliko zote, yanapangika na hayapigi kelele sana njiani. Godoro usinunue lililo tayari, nenda kiwandani au kwa wakala ukatiwe inchi 4 la high density kwa vipimo vyako, godoro laini la kawaida kwenye plaiwudi baada ya muda mfupi utakuwa unalala juu ya mbao.

Alafu hewa na mbu. Hii watu wanaisahau. Hiace iliyofungwa vioo usiku wa Januari pale Bagamoyo hulali, utatoka jasho mpaka asubuhi. Shona wavu wa mbu kwa madirisha ya pembeni, kwenye pindo mwambie fundi cherehani atie sumaku ndogo ndogo, unabandika kwenye bodi kwa nje unafungua kioo, imeisha hiyo. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama kuna baridi ya Njombe na hata kama unaona moto umebaki majivu, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kupika ni nje, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha kabisa.

Ubaya wa Hiace: nyingi zinavuta tairi mbili tu za nyuma, na tumbo liko chini. Masika kwenye udongo mweusi haiendi popote. Za foo wili zipo, zinatoka Japani, ukiipata chukua. Kama familia ni wawili na bajeti haifiki, Noah inafanya kazi hiyo hiyo kwa udogo, unakunja siti unalala, ila mzigo wote inabidi ulale nje au juu ya keria.

Namba 2: Gari uliyonayo saivi + hema zuri la chini

Hii nimeiweka juu ya Land Cruiser makusudi. Kama hujawahi kulala kambini wiki nzima mfululizo, hauna sababu ya kuagiza gari mpya, una Rav4, una Forester, una IST hata, njia kuu yote ya Dar mpaka Tunduma ni lami, Sumbawanga mpaka Mpanda lami, kambi nyingi ziko karibu na barabara. Weka hela kwenye hema.

Hema la kununua ni la tabaka mbili, la ndani wavu na la nje la mvua, nguzo za aluminiamu sio zile za faiba zinazopasuka ukikunja vibaya, na chini liwe na sakafu iliyoshonwa moja kwa moja isiyopitisha maji. Liwe kubwa kwa mtu mmoja zaidi ya mlivyo, yaani kama mko wawili nunua la watatu. Moshi na Arusha kwa ajili ya wapanda mlima kuna vifaa vingi vya mtumba na unaweza kupata kitu cha nguvu kwa bei ya huruma, ila lisimamishe palepale dukani, vuta zipu zote mwanzo mpaka mwisho, ingia ndani ujifungie uangalie kama unaona mwanga wa matundu.

Rangi nayo ina maana yake. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndio maana ile mitego yao huko mbugani ni vitambaa vya bluu na vyeusi. Kama Katavi iko kwenye ratiba yako usinunue hema la bluu, chukua kaki au kijani cha kufifia, na nguo zako vilevile.

Na sehemu ya kulaza hema ni jambo la uhai. Pale Sitalike, kijiji cha mlangoni mwa Katavi, mtoni kuna viboko wengi na usiku wanatoka kula majani wakifuata njia zao zile zile kila siku. Ukiona kama kimtaro kimekanyagwa kikatoka mtoni kuja kwenye nyasi, hiyo sio njia ya watu. Muulize mlinzi wa kambi, akikuambia sogea, sogea. Ukishajua unalala mahali pa hivyo ndio utaelewa kwa nini wengine wanalipa zaidi ili walale ndani ya bati la gari.

Namba 3: Land Cruiser Hardtop, mkonga

Kwa anayetaka kwenda kila mahali, masika na kiangazi, hakuna mjadala. Injini ya 1HZ, dizeli lita 4.2, haina mambo ya umeme mengi, inavumilia mafuta ambayo ile 1KD ingeyakataa, na ile bodi ndefu ya milango mitatu ina matenki mawili ya lita 90 kila moja. Unajaza Mpanda unasahau habari ya pampu.

Sasa kwa nini namba 3? Bei, kwanza. Hata iliyochoka inauzwa kama mpya. Pili hizi nyingi unazipata kwenye minada ya mashirika na serikali au kwa kampuni za utalii, na zimefanyishwa kazi ngumu kweli kweli. Ila hapo kwenye za utalii kuna nafasi nzuri wengi hawaioni. Zile Land Cruiser za Arusha zilizokatwa zikarefushwa, zenye paa la kunyanyuka kwa ajili ya kuangalia wanyama, ukitoa siti za nyuma unabaki na chumba, unaweka kitanda, paa likinyanyuliwa unasimama wima unavaa suruali kama uko nyumbani. Kabla hujatoa hela ingia chini ya uvungu na tochi uangalie pale chesesi ilipoungwa, weldi iwe nzima pande zote mbili, kusiwe na mstari wa kutu unaotoka kwenye maungio wala kiraka kipya kilichopakwa rangi nyeusi ya jana. Ukiona rangi mbichi hapo, kwangua kwa ufunguo. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Kitu kingine, TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, wanatoza gari kwa uzito, iliyo chini ya kilo 2,000 na iliyozidi hapo hazilipi sawa, na mkonga unazidi. Ukiwa mtu wa hifadhi nyingi piga hesabu hiyo mapema, na kumbuka getini hawapokei keshi.

Namba 4: Prado au Hilux yenye hema la juu

Ndio inayopendwa saivi na naelewa kwa nini, unafika, unafungua, ndani ya dakika chache kitanda kiko tayari na uko juu ya siafu, nyoka na maji ya mvua. Mimi sina ugomvi nayo ila watu wanainunua bila kujua mambo mawili. Hema la juu peke yake lina kilo 50 mpaka 80, na paa za magari mengi ya kawaida zimekadiriwa kubeba kama kilo 75 gari ikitembea, keria ikiwemo. Kwa hiyo sio kila gari, na keria iwe ya kuchomelewa inayokaa kwenye mifereji ya bodi au kwenye chuma cha nyuma cha Hilux, sio zile bomba mbili za kubania. Uzito ukiwa juu gari inayumba kwenye kona, Kitonga kushuka utaijua. La pili, ukitaka kwenda dukani kununua nyanya, inabidi ukunje nyumba. Ukiwa unakaa kambi moja siku tatu hiyo inachosha kuliko unavyofikiri, na ukiamka usiku kwenda chooni kuna ngazi, wazee na watoto sio kitu cha kuwapa.

Namba 5: Trela

Haraka haraka: kuchomelewa hapa inawezekana, ni nzuri kwa familia kubwa inayokwenda sehemu moja na kukaa. Kwa safari ya kuhama kila siku, kwenye matuta ya barabarani ya kila kijiji na malori ya Tunduma nyuma yako, hapana.

Namba 6: Kampa iliyotengenezwa tayari kutoka Japani

Hii ndio ina jiko, sinki, friji, kitanda juu ya dereva, na kwenye mtandao inaonekana kama ndoto. Nimeiweka mwisho kwa kumaanisha. Bodi ni ya faiba na mbao nyepesi iliyojengwa kwa lami ya Japani, mashimo yetu yanaifungua maungio maji yanaanza kuingia. Tumbo liko chini na kichwa kiko juu, matawi ya njia za kambi yanaikwangua pande zote. Umri nao, nyingi zinazouzwa bei nafuu ni za zamani na Tanzania gari kuukuu inaongezewa ushuru wa uchakavu, Kenya ndio kabisa haingii ikiwa imezidi miaka 8. Weka namba zako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hela.

Lakini kubwa ni umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Kila kitu cha ndani kinachochomekwa, microwave, chaja ya betri, kiyoyozi cha ukutani kama kipo, ukikiunganisha kwenye soketi ya kambini pale Iringa kinaungua hapohapo. Kama ushainunua na iko njiani kwenye meli, usiiguse hiyo waya ya nje mpaka fundi umeme aifungie transfoma ya kushusha volti, na chaja ya betri itoe kabisa uweke ya kwetu. Kilichobaki, taa na pampu ya maji, ni vya volti 12, hivyo havina shida, sola paneli moja na betri ya lithiamu ya 100Ah itaviendesha pamoja na friji ndogo ya kompresa, hata ukiacha gari imezima siku nzima.