Utando wa Cd₃As₂: miale ya molekuli au leza?

Shida ya kutengeneza utando (tabaka jembamba) wa Cd₃As₂, semimetali ya Dirac, yaani nyenzo ambamo elektroni husafiri kana kwamba hazina masi, ni kadmiamu na aseniki: vyote viwili hugeuka mvuke kirahisi. Ukipasha moto sana utando hutoroka. Ukipasha kidogo fuwele hazijipangi.

Kwa miale ya molekuli, Cd₃As₂ yenyewe huvukizwa ndani ya ombwe kali, ikatua kwenye msingi wa GaAs (fuwele ya galiamu na aseniki, iliyokatwa upande uitwao 111) uliotandikwa kwanza tabaka la GaSb (galiamu na antimoni). Tandiko hilo husaidia sana: bila hilo tofauti ya kimiani (nafasi kati ya atomi za fuwele mbili) hupita asilimia 10; likiwepo, tofauti hushuka hadi kati ya 3 na 4. Joto la msingi hubaki chini, takriban nyuzi 110 hadi 220 za Selsiasi. Ukizidisha, hakuna kinachoganda.

Leza hupita njia nyingine: mipigo yake hurusha nyenzo ikatua kwenye msingi wa SrTiO₃ (fuwele ya oksidi) kwanza, hufunikwa kwa kifuniko chenye Si₃N₄ (nitridi ya silikoni), ndipo huokwa karibu nyuzi 600. Kifuniko kikipasuka, aseniki imekwenda. Hata kikishika, uso wa utando umefungiwa chini yake, kero kwa anayetaka kuuchunguza.

Kwa utafiti wa uso, miale ya molekuli. Wenye leza tayari waoke, lakini wasisahau: vumbi linalobaki ndani ya chumba cha ombwe ni sumu.