Kakliniki ka Kawangware na daktari anayeuliza choo kiko wapi

Naandika hii ju watu kama wanne kwa grupu ya ploti wameniuliza mathe nilimpeleka wapi mpaka miguu ikarudi kuwa miguu. Jina la kliniki siweki, daktari mwenyewe aliniomba, alisema laini ya wagonjwa yenye iko inamtosha. Lakini ukishuka matatu ya 46 pale mwisho Kawangware uliza wamama wa mboga kliniki ya daktari wa Jumanne na Alhamisi, watakupeleka hadi mlangoni.

Kwanza tulikotoka. Mamangu ana miaka 63, presha iko tangu 2011 na sukari ikaja 2018. Anauza sukuma na nyanya, saa kumi alfajiri ako Marikiti. Mwaka jana nikapata kapesa nikasema wacha nimpeleke pahali pazuri, hospitali moja ya kibinafsi huko tao, ile ya viti laini na maji ya bure kwa mashini. 2,500 za kumuona daktari kabla hata hujauliziwa jina, tukakaa ndani dakika kama sita, daktari macho kwa kompyuta, mathe akaambiwa presha iko juu akaongezewa dawa. Miezi miwili miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza na kidole inabaki shimo. Tukarudi, 2,500 zingine, akapewa dawa ya mkojo ya kutoa maji mwilini. Hakuna aliyeuliza nyumbani anameza nini ingine. Na kulikuwa na ingine, manake kuna ile ya zamani alikuwa bado ananunua kwa kemisti wa mtaa ju "hiyo ndio imenizoea".

Sasa hii kliniki. Tulifika saa moja kasoro dakika 20 nikidhani tumewahi, tukapewa namba 19, imekatwa kwa katoni ya mafuta ya kupika na kuandikwa na maka. Benchi za mbao hazina pa kuegemea. Kama uko na mzee wa mgongo kaa ile ya ukutani, lakini ikifika saa tatu jua linaingia hapo moja kwa moja, so chagua mgongo ama jua. Tuliingia kwa daktari saa tano. Nilikuwa nimekasirika tayari, niseme ukweli.

Huyo mama (daktari ni mwanamke, wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta ya kufuma juu ya dera, koti nyeupe iko tu kwa msumari nyuma ya mlango) hakugusa karatasi zetu. Akamwambia mathe, "Mama, nimwagie hizo dawa zote hapa mezani." Nilikuwa nimezibeba kwa mfuko wa karatasi, zikamwagika, zilikuwa aina saba. Akazipanga kama mtu anapanga karata. Halafu akachukua pakiti mbili, moja ya tao na moja ya kemisti, akanigeuzia nisome maandishi madogo. Majina ya juu tofauti, rangi tofauti, bei tofauti kabisa, ndani ni amlodipini na amlodipini, dawa moja ya presha. Mathe alikuwa anameza dozi mara mbili miezi tano. Na amlodipini ikiwa nyingi, daktari akasema, moja ya vitu inafanya ni kuvimbisha miguu. So dawa ilileta uvimbe, uvimbe ukaletewa dawa.

Halafu ndio akauliza hilo swali. "Hii ya mkojo unameza saa ngapi?" Mathe akasema usiku. Kwa nini usiku na imeandikwa asubuhi? Mathe akanyamaza, akaangalia chini. Daktari akauliza polepole, "Choo chenu kiko wapi, mama?" Na hapo mamangu akatoa yote, vitu mimi mtoto wake sikuwa najua. Kwamba kwa kibanda hakuna choo, kuna kile cha kulipia steji, 10 bob kila ukiingia, na ukimeza ile dawa asubuhi unaingia mara nne tano kabla saa sita, na nani atachunga mboga. So akaihamisha usiku. Na usiku choo cha ploti kiko nje, taa iliibiwa, anaamka mara tatu, na ile siku ya Aprili alituambia ameteleza bafu, kumbe alianguka kwa mtaro saa nane usiku akienda choo. Tulilipa eksirei ya nyonga hiyo wiki na hakuna mtu alijua ni tembe ilimwangusha.

Mimi nilitaka kulia pale, lakini mathe tulipotoka aliniuliza, "Huyu ni daktari ama ni wa sensa?"

Na kule ndani daktari alikuwa hajamaliza. Akamvua champali akapiga magoti chini, akawa anamgusa nyayo na kauzi kagumu kama ka kuvulia samaki, mathe macho amefunga, anaambiwa sema ukisikia. Pahali pawili chini ya kidole gumba hakusikia. Sukari tangu 2018 na hakuna mtu alikuwa amewahi kuangalia hizo nyayo. Tukatoka na dawa tatu: amlodipini moja ya nguvu ya chini, losatani ya presha pia, na metfomini ya sukari. Ya mkojo ikakatwa. Za mwezi mzima hazikufika 500 kwa kadirisha kao ka dawa. Wiki mbili hivi miguu ikashuka, viatu vya kanisa vikaingia. (Tafadhali usisome hapa ukaanze kukata dawa za mamako, mwingine hiyo ya mkojo ndio inamweka hai ju ya moyo. Beba mfuko wote, wakuangalizie.)

Nilirudi peke yangu kuchukua majibu ya damu, laini ilikuwa imeisha, nikamuuliza alisomea wapi hayo maswali. Alicheka. Alisoma hapa Nairobi, akapelekwa Lodwar, akafanya Sudan Kusini kwa kambi, Malawi miaka ya kuanzisha watu dawa za ukimwi, akakaa Geneva ofisini mwaka mmoja na kitu akachoka na mikutano, akarudi akaingia darasani tena Eldoret, ile kozi ya daktari wa familia yenye Moi walianza 2005. Akaniambia ya mama mmoja Lodwar, aliandikiwa ameze mara tatu kwa siku baada ya chakula, akarudi dawa zimebaki zaidi ya nusu, watu wakamfokea, kumbe alikuwa anakula mara moja kwa siku. Alikuwa amefuata maagizo vizuri kabisa. "Tangu hapo mi huuliza kwanza," akasema. Akaongeza kwamba 1978 wakubwa wa dunia walikutana mji wa Alma-Ata, sai uko Kazakhstan, wakakubaliana ikifika mwaka 2000 kila mtu atakuwa na afya, na yeye bado anangojea vijiti vya kupimia sukari tangu wiki iliyopita.

Hizo siku zingine kuna klinikal ofisa kijana (CO, anatibu lakini si daktari kamili). Najua huku kwetu kila mwenye koti nyeupe tunamwita daktari hata muuza panadol, na wengine wakisikia ni CO wanarudi nyumbani kungoja Alhamisi. Msifanye hivyo. Malawi huko madaktari walikuwa wachache, manesi na maklinikal ofisa ndio walibeba ile kazi ya dawa za ukimwi, daktari mwenyewe ndio alinieleza, na huyu kijana amemfundisha. Nilimpeleka mtoto wa sista kwake na kikohozi, akahesabu pumzi na saa ya mkono dakika nzima, akasema hakuna haja ya antibayotiki. Kemisti angetuuzia mbili.

Kitu ingine nilipenda, wiki moja baada ya ile siku ya kwanza alikuja mama wa afya ya jamii mpaka kwa kibanda cha mboga, hawa waliopewa mifuko na serikali 2023, yenye mashini ya presha na ya sukari. Akapima mathe hapo hapo, wateja wakiangalia, wawili wakasema na sisi tupime. Mmoja presha ilikuwa 178 juu na hajui.

Sasa mabaya, ju yapo. SHA, ile bima ya afya ya serikali. Kwa karatasi kliniki ndogo za levo 2 na 3 hulipi ukishajisajili, hiyo *147# hata kwa mulika mwizi inafanya, lakini siku yetu ya kwanza sistimu ilikuwa chini tangu asubuhi na tukalipa 200 keshi, hawakurudisha. Yule dada wa mapokezi anaongea na wazee kama wamemkopa. Ile kipimo ya sukari ya miezi mitatu hawana, wanatoa damu wanapeleka kwingine, majibu siku nne. Na kila kitu kinamngoja huyo daktari mmoja siku mbili kwa wiki, aliposafiri matanga mwezi wa sita tulikuta watu wanasoma tangazo mlangoni wanarudi.

Na choo. Kliniki yenye daktari anauliza watu choo chao kiko wapi, choo chake hakina komeo, inabidi ushike mlango na mguu ama uimbe. Nilimwambia. Aliandika kwa kitabu.

Nyota 4. Ile ya tano nimeiweka kando mpaka komeo liwekwe. Tunarudi Jumanne ya tarehe 12, mathe ameshasema atabeba chaki ya kuandika namba zake ju hizo za katoni watu wanabadilishana.