Shule ya udereva Kisumu kwa sisi tuliozoea upande wa kulia: mwalimu hodari, ofisi ya kujihadhari nayo

Nimemaliza masomo yangu katika shule moja ya udereva hapa Kisumu, na naandika kwa ajili ya wenzangu wanaohamia huku wakitoka Burundi, Rwanda au Kongo. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mazito kuhusu ofisi yao na mazungumzo na mwenye shule bado yanaendelea. Ila ukiniuliza kama pesa niliyolipia masomo ya barabarani imenifaa, jibu langu ni ndiyo, tena yote. Pesa niliyoiacha kwenye dawati la makaratasi ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili na magereji. Baba alikuwa fundi, nami nilishika usukani kabla sijaanza kazi ya maabara. Kwa hiyo sikwenda kufundishwa klachi na gia. Nilikwenda kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania wanashika kushoto, ilhali sisi wa Burundi, pamoja na Rwanda na Kongo, tunashika kulia. Nchi zote hizi zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bendera zinapepea pamoja Arusha, lakini dereva akivuka mpaka lazima aivue akili yake na kuvaa nyingine.

Tena kwa mtu wa Bujumbura jambo hili lina ugumu wake wa ziada ambao shule nyingi hazijui hata kuuliza. Kwetu magari mengi, hasa hizi Toyota zilizotumika Japani, yana usukani upande wa kulia, nasi tunayaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva anakaa karibu na mtaro, na abiria wa mbele ndiye aliye karibu na mstari wa katikati. Ukitaka kulipita lori, unamuuliza abiria kama mbele kuko wazi. Sasa nimefika Kisumu, gari ni lile lile, usukani uko pale pale, mikono haioni mabadiliko yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. Mzungu aliyezoea usukani wa kushoto kila kitu kinamkumbusha kwamba yuko ugenini. Mimi gari lilinidanganya kwamba niko nyumbani.

Shule mbili nilizopitia mwanzo ziliniambia nitazoea tu. Hii ya tatu ilinipa mwalimu mmoja mzee, mtu wa Nyakach, ambaye hakuniwashia gari mpaka nilipomchorea kwenye karatasi jinsi tunavyokaa barabarani kwetu. Akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema, "Basi madam, tusahau kushoto na kulia. Wewe mwili wako uwe upande wa katikati ya barabara siku zote. Ukijikuta uko kando ya mtaro na abiria yuko katikati, umeshapotea, punguza mwendo urudi." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha kuendesha Kenya. Kushoto na kulia ni mambo ya kufikiria, na barabarani nafasi ya kufikiria ni ndogo. Mwili wangu uko wapi, hilo nalijua papo hapo, hata nikitoka kituo cha mafuta asubuhi na mapema wakati hakuna gari jingine la kunionyesha njia. Nyakati hizo za barabara tupu ndizo za kuogopa kuliko foleni. Kwenye foleni unafuata wenzako. Barabara ikiwa tupu unafuata mazoea.

Tulianzia Milimani, penye miti na magari machache, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua la Kisumu halijaanza kuchoma. Hapo kazi ilikuwa moja tu: kukata kona. Kona ya kushoto huku ni fupi, unajikunja na ukingo. Ya kulia ndiyo ndefu, unakatiza mbele ya wanaokuja. Kwetu ni kinyume. Mzee alinirudisha kwenye makutano yale yale mpaka nikaacha kuhesabu kwa midomo.

Raundabauti alinifundishia ndani kwanza. Shule za Kenya zina ule ubao mkubwa wa mji, umechorwa barabara, vivuko na mizunguko, nawe unasukuma kigari kidogo huku ukieleza unachofanya, na kwenye mtihani wa leseni utaulizwa mbele ya ubao kama huo. Nimesikia watu wakiudharau. Mimi naushukuru. Wanafunzi vijana walikuwa wakikariri majibu, lakini kwangu mzee aliutumia kugeuza mzunguko kichwani. Hapa magari yanazunguka jinsi mishale ya saa inavyokwenda, na unampisha anayetoka kulia kwako. Bujumbura tunazunguka upande wa pili. Nilikisukuma kile kigari hadi mkono ukakubali, kisha ndipo tukatoka kwenda raundabauti ya Kisumu Boys.

Nataka niseme wazi kuhusu bodaboda, kwa sababu wageni wengi wanafika na hofu, wenyeji nao wamekata tamaa. Mwalimu huyu hakuwatukana hata siku moja. Alinifundisha kuwasoma. Kwenye Jomo Kenyatta Highway, kuanzia Kibuye kwenda Kondele, alinitaka nimtaje kila bodaboda kabla hajafanya jambo: yule ana abiria mwenye mzigo, hatakata kona ghafla, yule yuko peke yake na anatazama watembeaji, atasimama popote atakapoitwa, tuktuk ile inapinda bila indiketa kwa sababu stendi yake iko pale. Chini ya daraja la Kondele, penye matatu, mikokoteni, mama wauza nguo na magari ya kwenda Kakamega, nilijifunza kwamba honi fupi ni salamu na ndefu ni ugomvi. Nilijifunza pia kutazama matairi ya mbele ya matatu badala ya taa zake. Tairi likigeuka, matatu inatoka, dereva awe amekuona au hajakuona.

Kisha barabara kuu. Hapo kuna jambo jema ambalo mtu wa kwetu atalifurahia: kwa kuwa sasa dereva yuko upande wa katikati, unaona mwenyewe mbele ya lori bila kumtegemea abiria. Lakini urahisi huo unatia tamaa, na mzee aliujua. Tulipanda Riat, tukafika Maseno, na kila mara nilipoonyesha dalili ya kutaka kupita aliuliza swali moja: "Utarudi wapi?" Si "kuko wazi?" bali nafasi ya kurudi ndani iko wapi. Jioni nyingine alinipeleka makusudi barabara ya Miwani, kutokea Mamboleo, saa za trekta za miwa. Wanaokaa huku wanazijua: trela mbili zimefungwa pamoja, miwa imening'inia pande zote, nyuma hakuna taa hata moja. Kasi ya gari dogo inaruhusiwa hadi kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu iliyotenganishwa katikati, 100 kwenye barabara kuu ya kawaida, na ndani ya miji ni 50, lakini mzee alisema giza likianza kuingia upande huo mwendo wako uwe ule utakaokuwezesha kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Nimelishika hilo hadi leo. Hata mvua ya alasiri ilipoanza kumwagika, ile ya ghafla inayotoka ziwani na kujaza mitaro ya Nyalenda, hakukatisha somo. Alipandisha kioo, akaniambia niendelee.

Gari lenyewe ni la kawaida. Kiti cha dereva hakisogei vizuri kwa mtu mfupi, na feni inapuliza joto. Breki ya pili upande wa mwalimu inafanya kazi sawasawa, na hilo ndilo la maana. Somo la saa moja nililipa shilingi 1,200, kwa M-Pesa ya shule, na risiti nikapewa.

Sasa ofisi.

Mwajiri wangu alitaka niwe na leseni ya Kenya, na shule ilisema ina mtu wa kushughulikia karatasi za wageni. Kwa mtu aliyechoka kuzungushwa, maneno hayo ni matamu. Kuwa na maisha ya kawaida hapa mgeni anahitaji kibali cha kazi, kitambulisho cha mgeni, PIN ya kodi, akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), na kila kimoja kinataka kingine kiwe tayari. Nilivipata vyote mwenyewe kwa subira. Nikaona hili la leseni niwaachie wanaolijua.

Karani alinijazia fomu. Pasipoti yangu ina majina mawili, na Burundi mtoto hapewi lazima jina la baba. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la tatu, naye bila kuniuliza akaweka jina la baba aliloliona kwenye cheti changu kingine. Kuanzia hapo mimi nikawa watu wawili: yule wa kitambulisho, na yule wa fomu. Nikatumwa ofisi moja kurekebisha, dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likataka barua ya la kwanza. Wale watumishi hawakuwa wakali. Mmoja alinipa kiti na kuniita dada. Lakini upole haukuandika barua. Niliporudi shuleni, karani akanitajia "ada ya kurekebisha." Kosa ni lao, ada ni yangu.

Halafu tafsiri. Leseni yangu imeandikwa kwa Kifaransa, na niliambiwa lazima itafsiriwe na mtu wao kwa shilingi 4,500. Nilipoomba risiti, nikaambiwa mtu huyo hatoi risiti. Nikakataa, nikatafuta mtafsiri mwenye muhuri mwenyewe, nikamlipa chini ya nusu ya hiyo na risiti juu. Karatasi yake ilipokelewa bila swali.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Karani aliniomba neno la siri la akaunti yangu ya eCitizen "ili asinisumbue," na akataka ada ya serikali niitume kwenye namba ya simu yake. Jamani, msikubali. Malipo ya huduma za serikali ya Kenya yanapitia eCitizen, na namba ya kulipia ni 222222. Ukipewa namba ya mtu binafsi kwa ajili ya ada ya serikali, simama hapo hapo. Nilipolipa mwenyewe, kadi ya leseni ya miaka 3 ilinigharimu shilingi 3,050, na nikaona kila hatua kwenye simu yangu. Yeye alikuwa amenitajia karibu mara mbili. Akaunti ile ndiyo yenye kibali chako, kodi yako na jina lako. Mgeni akipoteza udhibiti wake, hana shangazi wala mjomba katika ofisi za huku wa kumsimamia.

Nimekasirika kwa niaba ya wengine kuliko kwa ajili yangu. Mimi Kiswahili ni lugha ya mama yangu, naweza kubishana dirishani. Katika chumba kile cha kusubiri nilikaa na kijana wa Bukavu ambaye alikuwa ameshatoa neno la siri na pesa, na hakujua ombi lake limefikia wapi. Kijana huyo huyo alikuwa anapanga kuleta gari la usukani wa kushoto alisajili hapa, na hakuna aliyemwambia kwamba Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Kuingia nalo kwa muda, akiwa na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa na nchi kadhaa za ukanda huu, ni jambo jingine. Ofisi iliyojali ingemweleza siku ya kwanza, kabla ya kuchukua chochote.

Mwenye shule, mama mmoja mtulivu, alinisikiliza. Nilimwomba mambo mawili: orodha ya bei ibandikwe ukutani ikitenganisha ada ya shule na ada ya serikali, na karani asiguse akaunti ya mwanafunzi. Kijana wa Bukavu alirudishiwa pesa zake mbele yangu, nami nikamsaidia kubadilisha neno la siri. Orodha imebandikwa, lakini bado ina kiasi kimoja cha jumla kwa "leseni ya mgeni." Nimemwambia mama kwamba hiyo haitoshi, naye ameahidi kuigawanya.

Kwa hiyo nenda, na ukifika uliza mwalimu mzee anayefundisha wageni wanaotoka nchi za kushika kulia, usikubali mwingine. Chukua masomo ya alfajiri na angalau moja la jioni barabara ya miwa. Lipa kwa risiti. Karatasi za leseni zifanye mwenyewe, ukiwa na pasipoti mkononi, na hakikisha kila fomu imeandikwa majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Jumapili hawafundishi.