Uzoefu wangu na earlyoom kwenye seva ya RAM ya GB 2

Nasimamia seva ndogo ya Debian inayobeba mfumo wa mauzo wa duka la dawa. Kila tarehe 1, skripti ya Python ya ripoti ya mwezi ikianza kuvuta data, seva ilikuwa inaganda, halafu MariaDB, yaani databesi ya mfumo huo, inauawa. Mwenye duka ananipigia: "Kaka, mfumo hausomi stoki, na wateja wamejaa hapa." Nikifungua logi nakuta kerneli (kiini cha Linux) imeandika kwamba RAM iliisha, ikaua mariadbd, prosesi ya MariaDB. Mkosaji ni skripti, anayeadhibiwa ni databesi, kwa kuwa kerneli hutazama nani ameshika RAM nyingi zaidi.

Nikaweka earlyoom kwa apt, kisakinishi cha programu cha Debian. Ni programu nyepesi mno inayoua prosesi kabla RAM haijaisha, na uzuri wake ni kuwahi: RAM iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 10 inatuma SIGTERM (ishara ya kuomba prosesi ifunge), prosesi inapata nafasi ya kujifunga vizuri, ikifika asilimia 5 inatuma SIGKILL (ishara ya kuiua papo hapo). Kerneli yenyewe husubiri hadi hata SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, haijibu.

Ila usiiache ilivyo. Kwanza, inangoja nafasi iliyobaki kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) nayo ishuke hadi kiwango hicho. Mimi nina swapu ya GB 1, kwa hiyo seva iliendelea kuganda hadi nilipoiwekea earlyoom chaguo la -s 100, ikawa inatazama RAM peke yake.

Pili, na hapa wengi hujidanganya: --avoid, chaguo la earlyoom la kutaja prosesi ya kuepukwa, si kinga kamili. Inapunguza tu alama 300 kwenye hesabu ya nani auawe, hivyo databesi iliyonenepa bado inaweza kuchaguliwa. Kinga niliyoiamini nimeiweka kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux: systemctl edit mariadb, chini ya [Service] nikaandika OOMScoreAdjust=-800 (namba ikiwa chini zaidi, uwezekano wa kuuawa hupungua), nikaiwasha upya. Kisha nikasoma /proc/PID/oom_score_adj (PID ni namba ya prosesi) kuhakiki, ilionyesha -800. Sikutaka -1000, maana hiyo haiguswi kabisa, na siku databesi yenyewe ikivuja RAM, huduma nyingine zote zitaanguka kwa ajili yake. Sshd, huduma ya SSH, hujiwekea -1000 yenyewe, mlango wa kuingilia unabaki wazi. Skripti nimeipa --prefer '^python3$', ili earlyoom iipendelee wakati wa kuua.

Tarehe 1 iliyofuata logi ilionyesha SIGTERM kwa python3. MariaDB haikutikisika, duka liliuza hadi jioni. Ripoti niliitoa usiku, baada ya kuibadilisha skripti isome rekodi kwa mafungu.