flavio: programu ya bure ya kupimia chembe mpya

Kwa mwanafunzi wa fizikia pale Mlimani anayetaka kujua kama leptokwaki (chembe ya kudhaniwa, haijaonekana bado) inaweza kueleza kasoro za mesoni B, yaani pale vipimo vya kuvunjika kwa chembe hizo vinapotofautiana na nadharia, flavio ni msaada mkubwa, tena haina malipo. Ukishakuwa na Python, andika pip install flavio. Bando liwe la kutosha.

Anza na RK: uwiano wa mesoni B kuvunjika kuwa kaoni na muoni mbili (muoni ni kama elektroni, ila nzito zaidi), dhidi ya kaoni na elektroni mbili, q² (mraba wa masi ya jozi hiyo) ikiwa kati ya 1.1 na 6 GeV². Nadharia ya kawaida (Standard Model) inatoa karibu 1. Weka C9_bsmumu, namba inayowakilisha athari ya chembe mpya kwa muoni, iwe -1, RK inashuka hadi karibu 0.8. Hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa kudhani 0.8 inalingana na vipimo, kwani Desemba 2022 LHCb, jaribio la CERN, ilitangaza 0.949. Chembe inayogusa muoni peke yake imebanwa sana. Sasa weka -1 hiyo hiyo kwenye C9_bsee pia, yaani upande wa elektroni: RK inarudi karibu 1, lakini P5', kipimo cha pembe za chembe zinazotoka mesoni B inapovunjika, inabaki imesogea. Kuona hilo kwenye skrini kunafundisha kuliko makala nyingi.

Udhaifu wa flavio ni sm_uncertainty, amri ya kukadiria shaka ya jibu la nadharia ya kawaida; ni nzito. Usipobadilisha N, idadi ya marudio, inarudia hesabu mara 100. Jaribu kwanza N=20, maana umeme ukikatika unaanza upya.